Afisa Ustawi Aende Polisi Lini?

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika kata moja ya Ilala. Mwenyekiti wa mtaa ameniletea taarifa kwamba binti wa miaka 9 amebakwa juzi na mpangaji wa nyumba wanayoishi. Je, nikamilishe uchunguzi wangu kwanza, au niende polisi?

JIBU: Ndugu, nenda polisi leo, na mtoto apelekwe hospitali leo hii hii, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72 na wewe umeshapoteza sehemu kubwa ya muda huo. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi watatoa PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka mtoto kwenye matibabu. Pale Hospitali ya Amana kipo Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako mtoto hupata daktari, polisi na ustawi mahali pamoja.

Najua kinachowachanganya wengi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu afisa ustawi kumwita anayelalamikiwa ili wazungumze, na utaratibu huo unafaa kwa baba asiyetoa matunzo. Ukimwandikia mtuhumiwa wa ubakaji barua ya wito, umemtahadharisha: atahama chumba, au wazee watakaa kikao na kumalizana kwa fedha, na utakapofika hapo hata mama mzazi atakuwa amekana maneno yake.

Usimhoji mtoto kwa kina. Pata kujua nani, nini na lini, uyaandike kwa maneno yake mwenyewe, kisha mahojiano kamili yafanywe mara moja tu na askari wa dawati ukiwa umeketi kando ya mtoto, kwani maelezo yanayorudiwa mara tatu hutofautiana, na wakili wa utetezi huzisubiri tofauti hizo. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi.

Kipigo kilichoacha majeraha na mtoto wa kazi za ndani aliyefungiwa, hayo pia ni ya polisi, hasa ikibidi kuingia na kupekua nyumba. Mtoto anayelala njaa kwa kuwa mtaji wa maandazi wa mama yake umekatika si kesi ya polisi, na kumpeleka askari huko ni kumwongezea mama huyo mzigo.

Andika saa uliyopokea taarifa na saa uliyoifikisha kituoni. Mahakamani utaulizwa zote mbili.