Karama ina mwenyewe

Juma hili mmeuliza: Mkristo atajuaje kwamba anakitumia ipasavyo kipawa alichopewa na Mungu? Kwa maoni yangu, atajua siku atakapokubali kukaguliwa. Petro anawaita wenye karama mawakili (1 Petro 4:10), na wakili hushika mali ya mwingine, kisha hutoa hesabu.

Wengi hukwepa hesabu hiyo kwa kudai walipewa kidogo. Turudi kwenye Mathayo 25, kwenye mfano wa bwana aliyesafiri akawaachia watumwa wake fedha: mmoja talanta tano, wa pili mbili, wa tatu moja, na huyu wa tatu akaifukia ardhini. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kwa hiyo yule mtumwa wa talanta moja alifukia mshahara wa karibu miaka 20! Na bwana wake hakumdai faida ya talanta tano. Alimwambia angalau angeiweka kwa watoao riba. Mwenye sauti nzuri anayeogopa kuimba peke yake basi aingie kwenye kwaya, chini ya mwalimu. Mwenye woga wa mimbari amsaidie mhubiri kuandaa somo. Kujiweka chini ya anayeweza zaidi nako ni kutumia karama.

Hatari ya upande wa pili ni haraka. Kijana anazungumza vizuri, anapewa mimbari, anavishwa kilemba cha ukoka na kila anayempa mkono mlangoni, na baada ya muda anaacha kujiandaa kwa sababu maneno yanakuja tu. Paulo alitaka mashemasi wajaribiwe kwanza, na askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni (1 Timotheo 3). Kwa vitendo: mpe mtu jukumu dogo kwa miezi mitatu hivi, akafundishe darasa la watoto au kikundi cha maombi. Kisha waulizwe watu wawili au watatu wasiomwogopa wala kumhitaji: mmejifunza nini? Wakikumbuka vichekesho vyake tu, bado.

Karama ya kutunza fedha ndiyo inayohitaji kukaguliwa kuliko zote, na ndiyo tunayoonea haya. Sadaka ihesabiwe palepale baada ya ibada, na watu wawili wasiotoka nyumba moja. Noti zitengwe kwa thamani zake, mmoja ahesabu, mwenzake arudie bila kuambiwa jumla ya kwanza. Zikilingana, iandikwe na wote wawili watie sahihi kabla fedha hazijatoka mezani. Kosa la kawaida ni kumwachia mtunza hazina mfuko akahesabie nyumbani, eti kwa kuwa tunamwamini. Siku hesabu ikipungua hana wa kumtetea. Paulo mwenyewe alipobeba mchango wa watakatifu alikubali kusindikizwa na ndugu waliochaguliwa, mtu asije akamlaumu (2 Wakorintho 8:18–21).

Kuna pia wanaoshikilia huduma hadi mikono ife ganzi. Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alipewa ustadi na pia moyo wa kufundisha wengine (Kutoka 35:34). Kanisa lenye mpiga kinanda mmoja tu hunyamaza akiugua, na lawama si ya ugonjwa. Achague mwanafunzi. Kwanza mwanafunzi akae kando yake kwenye mazoezi atazame vidole. Halafu apige wimbo mmoja mazoezini. Halafu mmoja kwenye ibada, huku mwalimu ameketi na washarika, asimsimamie shingoni. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayowashinda walimu wengi. Walawi walipofika miaka 50 waliacha kazi ngumu ya hema wakabaki kuwasaidia ndugu zao (Hesabu 8:25–26), na hakuna aliyesema wamepoa kiroho.

Ratiba nayo ikaguliwe. Musa alikaa akiamua kesi tangu asubuhi hata jioni, Yethro mkwewe akamwambia wazi kwamba atachoka yeye na watu wake pia, ndipo wakawekwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi (Kutoka 18). Ukiombwa jukumu la tatu, usijibu papo hapo. Kamuulize kwanza mwenzi wako au anayekaa nawe, kisha mwambie mchungaji: nikichukua hili, lipi kati ya yale mawili nimkabidhi mwingine, na lini?