Rivolva ikikwama, usiipeleke kwa fundi wa mbabula

Baba mdogo alikuwa na rivolva ya matundu sita, yenye kibali, kwa ajili ya kulinda shamba lake barabara ya Kipushi. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi ikiuma, silinda iligoma kuzunguka. Akanituma niipeleke Katuba kwa fundi wa mbabula, yaani majiko ya mkaa, na madirisha ya chuma. Kosa la kwanza lilikuwa hilo: kibali kilikuwa na jina lake, si langu, na mimi nikapita nayo njiani ndani ya mfuko wa unga.

Fundi yule ni hodari kwa kazi yake. Aliipasha moto wa gesi ili ilegee, kisha akapiga tupa kile kijino kinachosukuma silinda. Ikazunguka. Tukamshukuru na kumlipa. Wiki mbili baadaye baba mdogo aliijaribu kule shambani, na risasi ya pili ikarusha vipande ubavuni mwa rivolva. Kimoja kilimchana shavu, upana wa kidole kimoja tu chini ya jicho. Bado nikikumbuka damu ile mikono inanitetemeka.

Mzee mmoja aliyetunza silaha jeshini kwa miaka mingi ndiye aliyetufumbua macho. Kabla nyundo haijafika mwisho wa kuvutwa, silinda lazima iwe imeshajifunga, tundu likitazamana sawasawa na mtutu. Kijino kikipunguzwa hata kidogo, silinda haifiki mahali pake. Risasi inagonga ukingo wa mtutu, inakwanguliwa, na vipande vinatokea kwenye ule mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu. Na moto? Chuma kilichokomazwa kiwandani hupoteza ugumu wake kikipashwa hivyo, na silinda ndiyo inayobeba nguvu yote ya mlipuko. Silinda haichomelewi, haipashwi moto, basi.

Kilichoniuma zaidi ni chanzo chenyewe. Baba mdogo alikuwa akiipaka mawese! Mawese huganda kwa baridi, na yakichanganyika na vumbi letu jekundu yanakuwa kama gundi. Ingetosha kuisafisha kwa mafuta mepesi ya mashine, hasa chini ya ile nyota inayosukuma maganda ya risasi nje, maana uchafu kidogo pale unatosha kuikwamisha.

Kwa hiyo ikikwama kwako, elekeza mtutu mahali pasipo mtu na uondoe kidole kwenye kifyatulio. Toa risasi zote, uzipeleke chumba kingine, kisha hesabu matundu moja moja kwa macho. Baadhi ya rivolva za zamani za Ubelgiji, kama Nagant ya 1878, hazifunguki silinda. Risasi hutolewa moja moja kupitia kidirisha cha pembeni, na ni rahisi kusahau moja. Kama silinda imekwama na risasi zingali ndani, usiilazimishe. Iache mahali salama, watoto wasifike, uwaite wenye mamlaka waje. Ufito wa kutolea maganda ukilegea pia hufunga silinda, lakini usiupindue kwa koleo: baadhi hukazwa kulia, nyingine kushoto, na ukikosea unauvunja.

Nchi yetu ya Kongo ina amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi. Mwenye kibali aende mwenyewe, kwanza bila silaha, aulize waliompa kibali ni nani anayeruhusiwa kuigusa. Bunduki ya nkambo, yaani babu, iliyookotwa darini bila karatasi haitafutiwi fundi kabisa, inatolewa taarifa.

Ya baba mdogo, yule mzee aliikataa. Alisema chuma cha rivolva kimeshalainika, hata kijino kipya hakitaiokoa. Baba mdogo akaenda kuirudisha, mimi nikiwa naye, na tulikaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri tukisubiri karatasi yenye mhuri na namba ya silaha. Tusingeondoka bila karatasi ile. Iko hapa kwangu, ndani ya Biblia yake.