Maswali na majibu: Mshahara wa askari, si ngawira

Swali: Je, ni kweli askari wa dola ya kwanza ya Kiislamu waliishi kwa ngawira tu?

Si kweli, na nimechoka kulijibu swali hili. Ngawira ni ya siku ya vita: mafungu manne kati ya matano kwa wapiganaji, la tano kwa dola. Kambi kubwa kama Kufa na Basra za Iraki huwezi kuzilisha mwaka mzima kwa bahati ya vita.

Swali: Diwani ya Umar ilikuwa nini hasa?

Kwanza, msahau diwani wa kata yenu. Hili lilikuwa daftari la majina na malipo, nalo lilifunguliwa mnamo mwaka 20 Hijria (641). Iraki ilipotekwa, wapiganaji walitaka wagawiwe mashamba ya Sawad, nchi tambarare yenye rutuba ya Iraki. Umar bin Khattab, khalifa wa pili, akakataa: ardhi ibaki kwa wakulima, wao walipe kharaji, yaani kodi ya ardhi, na kharaji hiyo ndiyo ilipe jeshi. Aliyepigana vita vya Badr pamoja na Mtume aliandikiwa dirhamu (sarafu za fedha) 5,000 kwa mwaka, Bibi Aisha, mjane wa Mtume, 12,000, na waliosilimu mwisho wakashuka hadi mamia machache. Juu ya fedha kulikuwa na riziki, yaani posho ya chakula. Malipo yalipita kwa arifu, msimamizi wa kikundi, ambaye ilimpasa kujua nani kafa na nani kazaliwa.

Hamkuniuliza, lakini nasema: mimi niko upande wa Abu Bakr, khalifa wa kwanza, aliyegawa sawasawa. Ukishampangia mtu mshahara kwa historia yake, wajukuu nao watakuja kuudai. Inasimuliwa kuwa hata Umar mwishoni alitamani kurudi kwenye usawa.

Swali: Dirhamu 5,000 ni shilingi ngapi leo?

Usiniletee tena. Linganisha na mwenzake aliyepata 300, utaelewa.

Swali: Wasio Waarabu walilipwa?

Baadhi. Khalifa wa baadaye, Umar bin Abdul-Aziz (717–720), aliletewa malalamiko kutoka Khorasan, mashariki ya Uajemi, kwamba mawali (Waislamu wasio Waarabu) 20,000 wanapigana bila mshahara wala riziki. Wanaosema ubaguzi haukuwapo wasome hapo.

Swali: Mfumo huu uliharibikaje?

Polepole. Mnamo 833 Khalifa al-Mu'tasim aliamuru Waarabu wa Misri wafutwe daftarini, akategemea askari wa Kituruki na kuwajengea mji wa Samarra. Aliyemshauri kwamba askari wa kununuliwa hana tamaa alimponza. Mwaka 869 askari walimdai Khalifa al-Mu'tazz dinari (sarafu za dhahabu) 50,000. Akamwomba mama yake, Qabiha, naye akasema hana kitu. Wakamburura mwanawe nje, wakamsimamisha juani, wakamvua ukhalifa, na siku chache baadaye akafa. Kisha ikafukuliwa hazina ya mama: zaidi ya dinari milioni moja. Wabuwayhi, ukoo wa watawala kutoka Uajemi, walipoishika Baghdad mwaka 945, hazina ilikuwa tupu, wakawakabidhi makamanda kodi za mashamba wajikusanyie wenyewe. Mashamba ya Sawad, yale yale aliyowanyima Umar.

Swali: Kwa nini Khalifa Yazid wa tatu aliitwa "Mpunguzaji"?

Kwa sababu mwaka 744 alifuta nyongeza ya mshahara aliyoitoa al-Walid wa pili, khalifa aliyemtangulia. Na kabla hamjaniandikia: hapana, askari hawakumuua. Alikufa kwa maradhi ndani ya miezi sita.