Maswali ya Gereji: Koni, Breki Laini na Navigeta Aliyenuna

Barua za safari hii ni nyingi na nusu yake zinauliza mafuta gani ya injini ni bora kuliko yote. Hizo nimeziweka kando, kwa sababu anayeuliza huwa tayari ana jibu lake na anatafuta wa kubishana naye. Hizi zilizobaki ndizo za watu wanaotaka kweli kuingia kwenye mashindano ya magari Jumapili na kurudi nyumbani na gari lile lile.

Gari langu ni la kwendea kazini, injini lita 1.3, viti vya watoto nyuma. Kuna mashindano yatakayonipokea, au nitachekwa?

Yapo, na hutachekwa, labda ukiviacha viti vya watoto ndani. Anza na mbio za koni. Ni uwanja mpana wa lami, njia imepangwa kwa koni za plastiki, magari yanaingia moja moja na kila dereva anashindana na saa. Mzunguko mmoja huwa kama dakika nzima, muda mwingi uko gia ya pili. Ukikosea unagonga koni, hugongi ukuta wala mwenzako. Marekani mchezo huu huitwa Solo, chini ya SCCA, klabu ya magari ya michezo iliyoanzishwa mwaka 1944, na kwao kila koni unayoiangusha au kuitoa kwenye alama yake inakuongezea sekunde 2. Sekunde 2 ni nyingi mno katika mchezo ambao mshindi na wa pili hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde moja.

Magari hugawanywa kwa madaraja, kwa hiyo lako litapambana na mengine ambayo hayajaguswa. Wakaguzi hawaangalii uzuri. Wanatikisa magurudumu kusikia kama beringi zinacheza, wanakagua nati, wanavuta betri kuona imefungwa imara, wanakanyaga akseleta kuona inarudi yenyewe, wanaangalia tairi kama nyuzi zimeanza kuchungulia. Toa kila kitu kisichofungwa: jeki, tairi la akiba kama haliko kwenye kikazio chake, miwani, hata zulia la chini ya miguu ya dereva. Nimewahi kuona chupa ya maji ikibingirika mpaka nyuma ya pedali ya breki. Dereva alipona kwa sababu mbele yake palikuwa na koni tu.

Nimeweka akiba ya mwaka mzima. Nianze na ekzosi, kompyuta ya injini au turbo?

Usianze na chochote kati ya hivyo. Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili, ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na injini ya lita 1.6 isiyozidi nguvu farasi 120, na hadi leo ni kati ya magari yanayopendwa zaidi na klabu za ridhaa duniani. Sababu ni wepesi, na usukani wake unamwambia dereva kila kinachotokea chini. Fedha yako igawe hivi: tairi nzuri, pedi na mafuta ya breki, helmeti, na kinachobaki chote kiende kwenye ada za kushiriki. Kumbuka pia kwamba ukibadilisha vitu vya injini unahamishwa daraja, unakwenda kukutana na watu waliong'oa viti na dari la ndani. Ekzosi yako itawapigia kelele wakikupita kwenye orodha ya matokeo.

Niliingia siku ya wazi ya saketi (njia ya mbio ya kuzunguka). Mzunguko wa nne pedali ya breki ikawa laini, wa tano ikashuka mpaka chini. Kesho yake breki zinashika kama kawaida, na fundi anasema hakuna ubovu. Nimwamini?

Mwamini nusu. Hakuna kilichovunjika, ila mafuta yako ya breki yalichemka.

Fanya hesabu nami. Gari la kilo 1,200 likiwa kilomita 120 kwa saa linabeba nishati ya takriban kilojuli 670. Hiyo yote, ukisimama, inageuka joto kwenye breki. Ni joto linalotosha kupandisha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Kila mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, basi, unabandika sufuria ya lita 2 na kuichemsha kwa sekunde chache, na sehemu kubwa ya moto huo inabebwa na diski mbili za mbele. Mbaya zaidi, nishati hupanda kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ndiyo maana gari lile lile linashuka milima miaka yote bila taabu, halafu saketi inalishinda kwa dakika kumi.

Sasa mafuta yenyewe. Ya aina ya DOT 4 (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki, iko kwenye chupa) yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na yakishalowa kiwango chake cha chini ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei lakini mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu wako unaukandamiza mvuke badala ya kusukuma pedi. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji na fundi haoni kitu.

Dawa yake ni rahisi: mwaga yote, weka mapya ya DOT 4 au DOT 5.1, toa hewa magurudumu yote manne. Usidanganywe na jina la DOT 5. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine na si ya mfumo wako, hata kama namba yake inaonekana kubwa. Mzunguko wa mwisho endesha polepole bila kugusa breki ili upepo uzipoze, na ukiegesha usivute breki ya mkono. Weka gia na vizuizi vya magurudumu.

Ila tofautisha hali mbili. Pedali ikiwa laini, ni mafuta. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, ni pedi ndizo zimezidiwa na joto, na hapo unahitaji pedi za kazi nzito zaidi. Pedali ikishuka tena ndani ya mzunguko, pampu harakaharaka, shusha gia, nyoosha usukani. Mimi nilisahau hata kupampu. Nilishangaa tu, na changarawe ndiyo iliyonipokea. Niliokota mawe ndani ya bampa kwa wiki mbili.

Ninayo helmeti nzuri ya pikipiki. Kwa nini wakaguzi wa klabu yetu waliikataa?

Kwa sababu ilitengenezwa kwa ajali ya aina nyingine. Taasisi ya Snell, iliyoanzishwa mwaka 1957 baada ya dereva Pete Snell kufa mashindanoni, hutoa alama ya M kwa za pikipiki na SA kwa za magari. Ya SA hupimwa kwa moto, na hupimwa kwa kugongeshwa mara kadhaa kwenye chuma chembamba kama bomba la fremu ya kinga ndani ya gari. Ya pikipiki haikupitia hayo. Klabu nyingine huruhusu M kwenye mbio za koni, nyingine hazitaki kuisikia, kwa hiyo soma kanuni kabla ya kununua. Angalia na mwaka wa alama: SA2020 ni mpya kuliko SA2015, na za zamani hufika siku zikakataliwa. Helmeti iliyotumika usinunue kabisa; ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

Mwalimu wa usukani, shikamoo. Mke wangu ndiye navigeta wangu, msoma njia, kwenye rali za wastani wa mwendo. Kila tukitoka tunarudi hatusemeshani. Tunakosea wapi?

Marahaba. Kwa wasiojua: katika rali hizi hushindani kwa kasi. Unapewa njia na wastani wa mwendo, halafu vituo vya siri vinapima kama umefika kwa wakati. Kuwahi kuna adhabu, mara nyingi sawa na kuchelewa.

Nadhani mnakosea kabla hata ya kuondoka. Mita ya umbali ya gari lenu hailingani na ya waandaaji, na haitalingana, kwa sababu tairi zenu na zao si sawa. Waandaaji hutoa kipande cha njia cha kupimia mwanzoni. Wakisema ni kilomita 10 na mita yenu ikasoma 10.2, basi kila mnachosoma siku nzima kizidishwe kwa 0.98. Msipofanya hivyo, mkeo anasoma namba sahihi kutoka kwenye mita isiyo sahihi, na wewe unamlaumu yeye.

La pili, acheni kufikiri kwa kilomita kwa saa. Wastani wa 48 ni sekunde 75 kwa kilomita. Aandike jedwali kabla: kilomita 1, sekunde 75, kilomita 2, dakika 2 na nusu, kilomita 6.4, dakika 8 kamili. Kazi yake njiani ibaki kusema maneno mawili tu, "tumewahi tano" au "tumechelewa tatu". Kazi yako ni kurekebisha bila kujibu.

Na mkipoteza muda, tuseme mmesimama nyuma ya lori bovu sekunde 30, msikimbize. Kutoka 48 hadi 54 kunawarudishia kama sekunde 8 kila kilomita, yaani baada ya kilomita nne hivi mko sawa, tena bila mtu kushika dashibodi. Kuhusu kununiana, mpe yeye usukani rali moja na wewe ushike karatasi.

Bima yangu kubwa itanilipa nikiharibu gari uwanjani?

Kwa kawaida, hapana. Mikataba mingi hutoa nje mbio, mashindano na majaribio ya mwendo, na mingine hutaja saketi hata kama hakuna anayepima saa. Soma kipengele hicho, ukiwa na shaka uliza kampuni kwa maandishi na ulitunze jibu. Ingia na gari ambalo uko tayari kulipoteza.

Sisi tuna kundi letu, tunakutana usiku wa manane barabara ikiwa wazi. Kwa nini hamtuandiki?

Kwa sababu barabara haiko wazi, ni nyinyi tu mmeamua hivyo. Anayetoka kichochoroni na baiskeli hakuulizwa. Kodisheni uwanja, tafuteni wazima moto na gari la wagonjwa, ombeni kibali cha chama cha taifa kilicho chini ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kisha niiteni hata kuokota koni.

Nina msimu mzima niko mkiani. Kijana mwenye gari kuukuu kuliko langu ananiacha sekunde 4. Niuze gari?

Ukiliuza, atakayelinunua atakuacha sekunde 4 naye.

Chukua njia ya kona 20. Sekunde 4 ukizigawa ni sehemu ya tano ya sekunde kila kona. Hakuna kona hata moja ambayo kijana huyo anafanya muujiza. Anafanya kitu kidogo mara ishirini. Nina hakika kitu hicho ni macho. Wengi tunatazama koni iliyo mbele ya boneti kwa kuogopa kuigonga, na mikono hufuata macho, kwa hiyo tunaigonga. Yeye anatazama koni ya tatu mbele, na hii ya karibu ameshaimaliza kichwani. Kabla ya mashindano njia hufunguliwa muitembee kwa miguu. Usiitembee ukipiga soga. Ipite mara tatu, ya mwisho ukiwa peke yako, na ukimaliza ukae chini ufumbe macho uiendeshe yote kichwani. Ukipotea kichwani, hata ndani ya gari utapotea.

Kitu cha pili ni uchu. Tairi lina mshiko mmoja wa kugawa kati ya kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo. Ukiingia kona ukiwa bado umekanyaga breki kwa nguvu zote na unakata usukani, mshiko umekwisha kabla ya kazi kwisha, gari linakwenda moja kwa moja kama halikusikii. Wageni hapo huongeza kukata usukani, na gari linazidi kukataa. Punguza kidogo, subiri tairi lishike, ndipo uliombe tena. Funga breki mapema kuliko unavyotaka, na kona inayofungua sehemu ndefu ndiyo uipe heshima kuliko zote, kwa sababu mwendo unaotoka nao hapo utaubeba mpaka mwisho wake. Ukitoka kwenye mzunguko ukahisi ulikuwa polepole, kaangalie saa. Mara nyingi utashangaa.

Halafu mwombe huyo kijana apande gari lako mizunguko miwili, wewe ukae pembeni kama kanuni zinaruhusu. Ni dawa chungu kwa mtu mzima, lakini utalijua gari lako upya.

Mimi na binti yangu tunataka kushindana kwa gari moja. Inaruhusiwa?

Klabu nyingi huruhusu, mradi muingie kwa zamu na kila mmoja awe na namba yake. Hakikisheni namba inabadilishwa. Matokeo mengi ya baba yameandikwa kwa jina la mtoto. Tairi zitapata moto mara mbili, kwa hiyo beba kipimo cha upepo na chupa ya kunyunyizia maji, na punguza upepo uliopanda kabla mwenzako hajaingia. Andikeni kwa chaki ubavuni mwa tairi: chaki ikifutika mpaka upande wa herufi, upepo ni mdogo, ikibaki mpaka kwenye kukanyagia, ni mwingi. Kiti kitasogezwa mara kumi kwa siku, kikagueni kila mara kama kimeshika reli yake. Na yule ambaye si zamu yake ndiye anayesimama pembeni kuinua koni, hata kama zimeangushwa na baba.