Kwa nini cheti changu kinapotea?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina seva yangu ndogo inayobeba tovuti yangu binafsi. Nilichoka kunakili faili kwa mkono kila nikirekebisha ukurasa, nikahamia kwenye makontena ya Docker (vifurushi vinavyoendesha programu kila moja peke yake) na kuweka Caddy mlangoni, programu inayopokea wageni wa tovuti. Jumamosi nilifuta na kujenga upya kila kitu mara sita au saba nikijaribu skripti. Jioni kivinjari kikagoma, kikasema tovuti si salama. Mpaka leo cheti, kile kinachokithibitishia kivinjari kuwa tovuti ni salama, hakipatikani. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Skripti yako haina kosa, ila ulikuwa unatupa cheti pamoja na kontena. Caddy hujiombea cheti kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, na kukitunza kwenye folda ya /data. Kontena likifutwa, folda hiyo nayo imekwenda. Caddy mpya inaamka mikono mitupu na kuomba tena. Let's Encrypt hutoa vyeti 5 tu ndani ya siku 7 kwa majina yale yale ya tovuti. Wewe ulivimaliza kwa siku moja.

Fungua compose.yaml, faili linaloorodhesha makontena yako, na chini ya Caddy, kwenye volumes (hifadhi zinazobaki nje ya kontena), andika:

- caddy_data:/data

Jina caddy_data ulitaje tena mwisho wa faili, chini ya volumes ya jumla. Sasa futa kontena utakavyo, cheti kitabaki. Ila usiandike docker compose down -v. Hiyo -v hufuta hifadhi zenyewe. Ilishanifutia picha zote za tovuti yangu, nami sikuwa na nakala hata moja. Inaniuma hadi leo, ndiyo maana nakusihi.

Kuhusu tovuti kujisasisha yenyewe bila kunakili kwa mkono, huhitaji mtambo mkubwa. Weka hazina ya Git (programu inayotunza matoleo ya faili zako) kwenye seva, na ndani ya folda yake ya hooks uweke faili post-receive, inayojiendesha kila ukituma badiliko, yenye kazi mbili: kuweka faili mpya kwenye folda ya tovuti, kisha docker compose up -d --build, amri ya kujenga na kuwasha makontena. Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Wengi hukwama hapo. Ukituma badiliko kwa git push, linajengwa lenyewe. Ujenzi ukishindikana, kontena la zamani linaendelea kuhudumia wageni, na Caddy ambayo hukuigusa haizimwi. Raha yake utaiona siku utakayokosea.

Kwa sasa subiri, maana nafasi za kuomba cheti hurudi polepole. Majaribio mengine yafanyie kwenye seva ya mazoezi ya Let's Encrypt, acme-staging-v02, yenye viwango vya juu zaidi.