Umepita COP? Usiuze bado. Yaliyonipata Kisumu nikisubiri leseni ya uwakala wa bima

Ndugu yetu wa Kakamega ameuliza hivi: amepita mtihani wa COP (Certificate of Proficiency, cheti cha msingi cha bima), kampuni imemkubali, na meneja wake anamwambia aanze kutafuta wateja sasa hivi, awakatie bima kwa namba ya wakala mwingine mpaka leseni yake itoke. Anataka kujua kama kuna ubaya, na mbona leseni yenyewe haitoki haraka.

Ubaya upo, mdogo wangu, na mimi niliulipia kwa pesa taslimu. Lakini ngoja nianze na karatasi, kwa sababu wengi wanadhani COP ndiyo leseni.

COP ni cheti cha kuonyesha kwamba umeelewa bima ni nini. Kinatolewa na College of Insurance, na ukisoma vizuri hakikutishi. Mimi nilikuwa nauza vitenge soko la Kibuye, sikuwa nimeshika kitabu miaka kumi na tatu, na nilipita mara ya kwanza. Yale maswali ya kanuni ndiyo mengi. Mwalimu wetu alituuliza siku ya kwanza: jirani yako ana tuktuk, unaweza kuikatia bima kwa jina lako ili ikiungua ulipwe? Nusu ya darasa tulisema ndiyo, mradi unalipa. Akacheka. Huwezi, kwa sababu ikiungua wewe hujapoteza chochote. Ukielewa hilo, na ukielewa kwamba fidia humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara wala haimtajirishi, umeshavuka sehemu kubwa ya mto.

Leseni ni kitu kingine. Inatolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile tunayoiita IRA, na hupeleki ombi kama mtu huru. Lazima kuwe na kampuni ya bima inayokuteua, yaani inayosema huyu ni wakala wetu. Wakala husimama upande wa kampuni. Anayesimama upande wa mteja ni dalali wa bima, na masharti yake ni mengine kabisa. Kwa hiyo ukiona ombi lako limelala, usikimbilie kulaumu IRA. Uliza kwanza kama kampuni imelituma. Langu lilikaa kwenye droo ya meneja wiki tatu nzima, nikidhani liko Nairobi.

Karatasi zenyewe unazijua: cheti cha COP, kitambulisho, pini ya KRA (mamlaka ya ushuru), barua ya kampuni, cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi). Hicho cha mwisho anza nacho mapema. Unaomba na kulipa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, na hapo ndipo watu hukwama. Tulikuwa na mwenzetu aliyepara samaki Dunga tangu akiwa msichana. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kabisa, alama hazikutoka. Akarudi mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amekaa wiki bila kugusa kisu, anajipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, ndipo zikakubali. Kama kazi yako ni ya mikono, shamba au mjengo, jipe muda.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: leseni ni ya mwaka wa kalenda. Hata ukiipata Oktoba, inakufa tarehe 31 Desemba, na unaomba upya.

Sasa hilo la kuuza kwa namba ya mtu.

Mimi pia niliambiwa vilevile. "Usikae bure, tumia namba ya dada huyu, kamisheni mtagawana." Dada mwenyewe alikuwa mtu mzuri, tulielewana. Nikaanza stendi ya tuktuk pale Kondele, kwa sababu tuktuk nyingi hukatiwa bima ya mwezi mmoja mmoja na huko wateja hawaishi.

Ijumaa moja jioni baba mmoja wa Nyalenda akanipigia. Bima yake inaisha usiku huo, na tuktuk ni ya mkopo. Akanitumia pesa kwa M-Pesa, kwenye simu yangu mwenyewe. Nikampigia dada atoe cheti, maana ni yeye tu aliyeweza kuingia kwenye mfumo. Simu imezimwa. Alikuwa ameenda matanga Ugenya na hakuniambia. Nikampigia baba: cheti utapata Jumatatu asubuhi, usiwe na wasiwasi. Akaniuliza, "Na polisi wakinishika?" Nikamjibu, aibu hata kuandika, "Wape namba yangu."

Polisi hawakumshika. Jumapili mchana aligonga mtu wa baiskeli karibu na Mamboleo, mguu ukavunjika. Siku hizi cheti cha bima ya gari ni cha kidijitali tangu 2020, kwa hiyo afisa akiingiza namba ya gari anaona mara moja kama bima iko hai. Ile ilionekana imekufa tangu Ijumaa. Nikakimbilia kwa kampuni Jumatatu saa mbili na pesa mkononi. Wakanieleza kwa upole kabisa, na walikuwa sahihi: sheria ya bima ya Kenya inasema kampuni haibebi hatari kabla malipo hayajaifikia. Pesa iliyolala kwenye simu ya wakala, tena asiye na leseni, haijafika popote. Kisha mmoja akaniuliza, "Na wewe ni wakala wetu tangu lini?" Sikuwa na jibu.

Fikiria ingekuwa mtu amekufa. Bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa uliyemgonga, hubeba hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mwenye tuktuk angezitoa wapi, na mimi ningezitoa wapi? Kwa bahati ulikuwa mguu. Hospitali, baiskeli mpya na nauli za mgonjwa zilifika Sh 38,000, nikakopa kwenye chama chetu cha akiba na kulipa miezi saba. Dada mwenye namba naye alihojiwa na karibu apoteze leseni yake kwa sababu yangu. Tulipoteana hapo.

Kwa hiyo meneja akikuambia "kila mtu huanza hivyo", anasema kweli, ndivyo wengi huanza. Lakini kuuza bima bila kusajiliwa ni kosa kisheria, na siku mambo yakiharibika hakuna karatasi yenye jina lako inayokukinga. Yeye ana tageti ya mwezi. Wewe una jina lako mtaani, na Kakamega si kubwa kiasi cha kujificha.

Kuhusu pesa, kwa kuwa kuna aliyeandika kwamba mawakala "wanaogelea" kwenye pesa: chukua gari dogo la binafsi ambalo malipo yake ya bima ni Sh 30,000. Mteja atalipa Sh 30,175, kwa sababu kuna ushuru wa mafunzo 0.2%, mfuko wa kufidia wenye bima 0.25%, na stempu ya shilingi 40. Hizo si zako. Kamisheni ya gari ni 10% ya zile 30,000, yaani 3,000, na KRA inakatiwa 10% ya hiyo kabla haijakufikia. Unabaki na 2,700. Toa nauli ya kwenda kupiga picha gari huko Ahero, toa bando za simu. Ukiwa na magari sitini yanayorudi kila mwaka, unalisha watoto. Ukiwa na matano, rudi kwa vitenge.

Bima ya maisha kamisheni yake ya mwaka wa kwanza ni nono zaidi, ila mteja akiacha kulipa mapema kampuni yaweza kukurudia na kuidai. Soma mkataba wako sehemu hiyo mara mbili.

Sasa ufanye nini ukisubiri? Mimi baada ya lile tukio nilinunua kitabu cha kaunta. Nikawa napita stendi, soko la Jubilee, hata kanisani, naandika jina, namba ya gari, tarehe ambayo bima ya sasa inaisha. Sikuuza wala sikupokea shilingi. Nilisema wazi, "Leseni yangu haijatoka, ikitoka nitakupigia wiki moja kabla ya tarehe yako." Wengine walinishangaa. Leseni ilipotoka nilikuwa na majina arubaini na kitu, yamepangwa kwa tarehe, na wakala aliyekuwa akiuza kwa mlango wa nyuma hakuwa na hata kumi aliowakumbuka. Na mteja akitaka kuhakikisha, nilimwambia aangalie orodha ya mawakala ambayo IRA huweka kwenye tovuti yake. Jina langu liko.

Yule baba wa Nyalenda hakuwa kwenye kitabu, nilimwogopa. Alinipigia mwenyewe, karibu mwaka umepita. Pale stendi walikuwa wameshanibatiza Madam Jumatatu. Akaniuliza kama sasa niko halali, nikamwambia niko. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitumie paybill ya kampuni. Namba yako naijua."