Makuyu ya mtoni au tini za dukani?
Dada, umeuliza kama makuyu ya mtoni (matunda ya mkuyu, ndugu wa mtini) ni afadhali kuliko tini kavu kwa mama mwenye sukari. Hizo kavu asijiachie nazo, gramu 100 zina sukari kama gramu 48, zisizokaushwa ni kama 16 tu, maji yakitoka utamu wote unabaki umejikusanya, ingawa nyuzinyuzi nazo zinapanda toka 3 hadi karibu 10. Kuyu la porini hakuna mkulima aliyelichagua kwa utamu, kwa hiyo si tamu kama tini, ukilipasua ni mbegu tupu na vinyigu vidogo humo ndani 😅 na ule ukakasi ni tanini, kemikali ya mimea inayobana madini ya chuma mwili usiyapate vizuri, kwa hiyo asile pamoja na maharage yenye madini hayo. Mimi ningempa tini mbili zisizokaushwa, halafu apime sukari aone.